Wasomaji Wanauliza: Tatuu, Piko na Wembe wa Chale

Barua za safari hii zimetoka Kigoma na Tabora. Tumezifupisha, na majina hatukuyataja.

Nataka kuchora tatuu begani. Mchoraji wa hapa anafanyia kazi chumbani kwake. Anasema kila mteja ana sindano yake mpya na mashine anaifuta kwa spiriti. Inatosha?
*Kijana, Ujiji*

Haitoshi, ingawa sindano mpya ni mwanzo mzuri.

Sindano ya tatuu huzama milimita 1 hadi 2. Huipita ngozi ya juu, ile inayobanduka kidogo kidogo kila siku, na kuuacha wino kwenye ngozi ya ndani. Huko chembe za ulinzi wa mwili huumeza wino kama zinavyomeza vijidudu, ila haziwezi kuusaga, basi hukaa nao hapo hapo miaka na miaka. Ndiyo maana mchoro haufutiki kwa kuoga. Lakini ngozi hiyo ya ndani ndiyo yenye mishipa ya damu. Mashine ikipita, umefunguliwa vidonda maelfu kwa maelfu.

Sasa mtazame mchoraji mikono yake, usimtazame mdomo. Anachovya sindano kwenye wino, anachora, anafuta damu kwa tishu, anachovya tena. Kila akichovya anaurudishia wino damu ya mteja. Kama anachovya kwenye chupa ile ile aliyoitumia jana kwa mwenzako, sindano yako mpya haikukusaidia kitu. Hali ni hiyo hiyo kwa kopo la vazelini analolichota kwa kidole chenye glovu iliyokwisha kuloa, kwa chupa ya kupulizia maji anayoikamata katikati ya kazi, na kwa waya wa mashine unaoburuzika juu ya mkono unaovuja. Na glovu zile zile zikipokea simu, glovu si glovu tena.

Kinachotisha zaidi hapo ni homa ya ini aina ya B. Virusi vyake hubaki hai kwenye damu iliyokauka nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, na tone lisiloonekana kwa macho linatosha kuambukiza. Homa ya ini C na VVU navyo hupita kwa njia hiyo, ingawa VVU hufa upesi zaidi vikiwa nje.

Kwa hiyo kabla ya kuvua shati, taka uone mambo haya. Sindano itoke kwenye pakiti yake mbele yako, pakiti nzima, yenye tarehe ya mwisho wa matumizi. Wino umiminwe kwenye kikombe kidogo cha plastiki, kiasi cha kazi yako tu, na unaobaki umwagwe. Chupa kubwa isiguswe na sindano hata mara moja. Vazelini ichotwe kwa kijiti safi na kuwekwa pembeni kabla kazi haijaanza. Mashine, waya na chupa ya kupulizia vifunikwe kwa nailoni mpya. Ngozi yako ioshwe kwa sabuni na kupanguswa kwa spiriti ya asilimia 70, iachwe ikauke. Kama ni lazima unyolewe, wembe uwe mpya. Mwishoni sindano iingie kwenye boksi gumu la taka kali, isitupwe kwenye ndoo ya maganda ya ndizi. Mchoraji akikasirika kwa kuulizwa, kajibu.

Kuhusu spiriti: inafuta vijidudu juu ya kitu chenye uso laini kama meza au ngozi. Haisafishi mrija wa mashine ambao damu imeganda ndani yake. Mashine za kujiundia, zile za mota ya redio na bomba la kalamu, zina tatizo hilo hasa: haziwezi kufunguliwa na kusuguliwa vizuri. Mrija wa chuma unaorudiwa lazima uoshwe kwa brashi na sabuni, kisha upikwe kwa mvuke wa shinikizo wa nyuzi 121 kwa dakika 20 au zaidi. Kuchemsha kwenye sufuria huua virusi vingi lakini hakuui mbegu za pepopunda. Kwa meza na kiti, dawa ya klorini ya madukani yenye nguvu ya asilimia 3.5 ichanganywe sehemu 1 kwa sehemu 6 za maji, ikae dakika 10. Dawa hiyo hiyo si ya kurudishia sindano. Sindano hairudiwi.

Wino nao uwe wa tatuu. Wa peni au wa printa haukukusudiwa kukaa mwilini. Hata huo wa tatuu una mashaka yake: nchi za Umoja wa Ulaya, kuanzia Januari 2022, ziliweka mipaka kwa kemikali zaidi ya 4,000 katika wino wa tatuu. Rangi nyekundu ndiyo inayoongoza kwa mzio, na mzio huo unaweza kusubiri miezi au hata miaka ndipo ujitokeze, ukavimba mstari mwekundu peke yake na kuwasha.

Mambo mawili ya kufanya mapema. Pima homa ya ini B, na kama huna, chanja: dozi 3, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, ya tatu mwezi wa sita. Watoto wetu huipata kliniki pamoja na chanjo nyingine, lakini waliozaliwa kabla ya miaka ya 2000 kuanza hawakuikuta utotoni. La pili, shika ndewe za masikio yako, au angalia kovu lolote la zamani. Ukikuta kovu lililovimba na kuvuka mpaka wa kidonda chake, hiyo ni kiloidi, na bega ni kati ya mahali inapopenda kuota, pamoja na kifua na mgongo wa juu. Mwenye kiloidi asichore kabisa. Hapo hatuna njia ya katikati.

Mimi ni mzee wa Nzega. Bibi zetu walichanjwa chale usoni na kifuani, na hatukusikia habari za ini. Leo kijana akichora mkono anaambiwa mhuni na tena mgonjwa. Mbona hamsemi kitu juu ya hospitali na sindano zao, mnasakama vijana?

Mzee wetu, shikamoo. Hatumsakami kijana, na hilo la uhuni tunakubaliana nawe kwa sehemu kubwa.

Kujichora mwilini hakukuletwa na muziki wala simu. Yule maiti aliyekutwa kwenye barafu ya milima ya Alps mwaka 1991, ambaye ana umri wa miaka 5,300 hivi, ana michoro 61. Hapa kwenu Unyamwezini, Mwingereza Richard Burton alipofika Kaze, jirani na Tabora ya leo, mwaka 1857, aliandika kwamba alama ya Wanyamwezi ilikuwa mistari miwili ya chale ndogo ndogo kutoka pembeni mwa nyusi kushuka mashavuni, na kwamba wanaume walipaka mkaa ndani ya chale ili ziwe nyeusi. Wino chini ya ngozi: ni tatuu hiyo, jina tu halijafika. Wamakonde nao wana dinembo zao za usoni. Hakuna aliyewaita wahuni, kwa sababu alama ile ilisema mtu ni wa nani. Tatuu ya leo inasema mtu ni yeye mwenyewe, na nadhani hapo ndipo wazee wengi wanapokereka, wala si kwenye wino.

Lakini hilo la "hatukusikia" linahitaji kutazamwa. Homa ya ini B haiui kwa haraka. Mtu anaweza kuambukizwa akiwa mtoto, akalima, akaoa, akazaa, ndipo kwenye miaka ya 40 au 50 tumbo likajaa maji, macho yakawa ya njano, akakonda mikono huku tumbo likikua. Nyumbani wakasema karogwa. Nani angeikumbuka chale ya miaka 40 iliyopita?

Na umri ndio wenye neno kubwa. Mtu mzima akiambukizwa virusi hivyo, mwili wake kwa kawaida huvishinda. Wanaobaki navyo maisha ni chini ya 1 kati ya 20. Mtoto mchanga akiambukizwa, karibu 9 kati ya 10 hubaki navyo. Kwa hiyo kijana wa miaka 25 mwenye simba begani anatutia wasiwasi kidogo kuliko kichanga kilichochanjwa kifuani kwa ajili ya degedege, kwa wembe uliopita kwa ndugu zake watatu. Huyo kijana ndiye anayesemwa barazani. Kichanga hakisemwi, kwa kuwa ile ni "dawa".

Wengi siku hizi huenda kwa mganga na wembe wao mpya ndani ya karatasi yake, na hilo ni jema. Halitoshi, kwa sababu ile ile tuliyompa kijana wa Ujiji. Mganga akishachanja, huchota unga wa dawa kwa kidole gumba, akaukandamiza kwenye damu, akarudisha kidole kwenye kopo kuchota tena. Kopo lile ndilo kikombe cha wino. Mwenye kushikilia chale, dawa yake imiminwe pembeni kwenye karatasi, ya mtu mmoja, na inayobaki itupwe. Majivu na unga wa mizizi huweza pia kubeba mbegu za pepopunda, ambazo makao yake ni udongo na samadi. Ugonjwa hutokea kati ya siku 3 na 21: taya linakaza, mgongo unapinda. Wanawake hupewa chanjo yake kliniki wakiwa wajawazito. Mwanamume wa makamo mara nyingi hana kinga iliyobaki, aiombe.

Aliyeumwa na nyoka asichanjwe kabisa. Chale haitoi sumu, inaongeza kutoka damu kwa mtu ambaye huenda damu yake tayari haigandi.

Za hospitali: sindano ni ya mtu mmoja, na una haki ya kuona ikifunguliwa. Swali lako ni la haki, lisikae barazani tu, liulizwe pale pale dirishani.

Binti yangu alipakwa piko kwenye mikono na miguu kwa harusi ya dada yake. Siku ya tisa maua yote yameumuka malengelenge, yanawasha na kutoa maji. Mbona hina ya zamani haikuwa hivi?
*Mama, Kanyenye, Tabora*

Kwa sababu si hina. Hina ni majani. Unga wake una rangi ya kijani iliyofifia na unanuka majani makavu. Hukaa mkononi saa 4 hadi 8, unapoubandua huacha rangi ya chungwa, na kesho yake au kesho kutwa inakolea kuwa kahawia nyekundu. Haifiki nyeusi ti. Piko ni dawa ya nywele, ule unga mweusi wa pakiti ndogo, na ndani yake mna kemikali iitwayo parafenilenidaiamini, kwa kifupi PPD. Ikikupa weusi wa makaa ndani ya saa moja, jua ni yenyewe.

Ulaya inaruhusu PPD kwenye dawa ya nywele isizidi asilimia 2 inapofika kichwani, na kuipaka ngozini kama pambo hairuhusiwi. Mchora piko hapimi asilimia. Anakoroga mpaka iwe nzito ishike kwenye kijiti, kisha anaiacha ikauke juu ya ngozi. Mara ya kwanza mwili hujifunza kuichukia kwa wiki moja hadi mbili, ndiyo maana imemchukua siku tisa. Akirudia, itakuwa siku moja au mbili, na kali zaidi.

La kufanya: mikono aioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo na manukato, malengelenge asiyapasue. Kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi yaliyochemshwa akiweke dakika 15, mara 3 kwa siku. Kwa kuwasha, setirizini ya miligramu 10 mara moja usiku kwa mtu mzima. Krimu ya steroidi yenye nguvu husaidia sana, lakini iandikwe na daktari na isizidi wiki mbili. Msiokote ile tyubu ya krimu ya dawa mchanganyiko ambayo kila nyumba inaipaka kwenye kila kitu. Malengelenge yakifika usoni, macho yakivimba au pumzi ikibana, mwende hospitali usiku huo huo.

Maua yatabaki kama baka jeupe kwa miezi kadhaa, kisha kwa wengi rangi hurudi. Mzio hauondoki. Binti huyu asipake tena dawa nyeusi ya nywele maisha yake yote, hata akifika miaka 60 na mvi, na amwambie kila daktari na daktari wa meno, kwani baadhi ya dawa za ganzi ni ndugu wa kemikali hiyo. Unga huo pia ufungiwe mbali na watoto: ukimezwa huvimbisha koo na kuharibu figo.

Nina jina la msichana mkononi, tuliachana. Nataka kuomba kazi polisi. Rafiki anasema maji ya betri yanafuta.
*Kasulu*

Maji ya betri ni asidi. Wino uko ngozi ya ndani, basi ili asidi iufikie lazima iunguze kila kilicho juu yake. Utapata kovu lenye umbo la jina, na pengine kiloidi juu yake. Chumvi ya kusugulia, pasi ya moto na krimu za kuchubua ni hadithi hiyo hiyo.

Matangazo ya ajira ya Jeshi la Polisi ya miaka ya karibuni yamekuwa yakitaka mwombaji asiwe na alama yoyote ya kuchorwa mwilini. Kuchora ua juu ya jina hakuondoi alama. Njia halisi ni leza: mwanga wa mapigo mafupi mno unaovunja wino vipande vidogo, mwili ukavibeba wenyewe. Kwa ngozi nyeusi itakiwayo ni ya mawimbi ya nanomita 1064. Nyingine huweza kuikamata rangi ya ngozi badala ya wino, ukaachiwa mabaka meupe. Hesabu safari 6 hadi 10, kila moja wiki 6 hadi 8 baada ya nyingine, yaani kati ya miezi saba na mwaka mmoja na nusu hivi. Wino mweusi wa kienyeji huwahi kutoka. Kijani na bluu ni wakaidi. Uliza kwanza kwa daktari wa ngozi. Hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni kwa Kigoma au Kitete kwa Tabora, ndiyo njia ya kukuelekeza mbele. Kituo kikubwa cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kiko hospitali ya KCMC, Moshi.

Kama wewe msomaji una miaka 17 na unawaza sare yoyote, hiyo tatuu isubiri.

Nilichorwa mwezi uliopita. Naruhusiwa kuchangia damu?
*Mwalimu, Urambo*

Bado. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kusubiri miezi 12. Damu hupimwa VVU, homa ya ini B na C na kaswende, lakini maambukizi mapya huweza kukwepa kipimo kwa wiki kadhaa. Ikifika miezi hiyo, wapo Damu Salama Kanda ya Magharibi hapo Tabora.

Mwenye tatuu udhu wake unasihi?
*Ujiji*

Kwa upande wa ngozi: wino uko chini, maji yanafika juu ya ngozi bila kizuizi, na wanazuoni wengi husema udhu unasihi. Kuchora kwenyewe ni jambo jingine. Hadithi ya kumlaani mchoraji na mchorwaji imo katika Bukhari na Muslim. Wakristo nao wanasomewa Walawi 19:28. Mengine kaulize msikitini.

Mimi mvuvi wa dagaa, Kibirizi. Nimechorwa mkono siku sita zilizopita na nimerudi ziwani usiku wa tatu. Sasa pamevimba, pana moto. Rafiki alipasua kapsuli akaninyunyizia unga wake. Kingine, jamaa yangu aliyechorwa mwezi mmoja kabla yangu ana vipele visivyokauka.

Oshea unga huo utoke. Dawa ya kumeza ikimwagwa kidondani inaganda, inaziba usaha chini yake, na kipimo kinachofika kwenye vijidudu ni kidogo mno kuviua.

Maji ya ziwa ni matamu lakini si safi kwa kidonda: mna bakteria wa maji baridi, mna na kichocho. Tatuu mpya inataka wiki 2 hadi 3 bila kulowekwa, mpaka magamba yote yadondoke yenyewe. Kwako wewe unayevuta nyavu mpaka alfajiri, maana yake ni kuchora wakati wa mbalamwezi dagaa wanapopumzishwa, au kutochora. Kuosha ni mara 2 kwa siku kwa maji yaliyochemshwa yakapoa na sabuni ya kawaida, kukausha kwa kubonyeza kitambaa safi bila kusugua, na vazelini nyembamba kama jasho. Wekundu na majimaji meupe vinakubalika siku 3 za mwanzo. Vikiongezeka baada ya hapo, kama kwako, ni maambukizi.

Chukua peni, zungushia mpaka wa uvimbe sasa hivi. Ukivuka mstari kabla ya kesho, au ukiona homa, usaha, mstari mwekundu unaopanda kuelekea kwapani au mtoki, nenda Maweni; duka la dawa muhimu halitoshi. Ukiwa hapo pima VVU na homa ya ini, rudia baada ya miezi 3. Dawa za kuzuia VVU baada ya kuhisi umeambukizwa, zile za siku 28, hufaa zikianzwa ndani ya saa 72, na wewe umeshazipita. Kwa wengine wanaosoma wakiwa na tatuu ya jana, bado saa zipo.

Jamaa yako ni kesi nyingine. Vipele vidogo vigumu vinavyofuata sehemu za kijivu tu za mchoro, wiki kadhaa baadaye, bila homa, hutokana mara nyingi na bakteria wa jamii ya kifua kikuu aishiye majini. Mwaka 2012 waliripotiwa watu kadhaa hivyo jijini Rochester, Marekani, chanzo kikiwa wino wa kijivu uliopunguzwa makali kwa maji. Mchoraji anayetaka kijivu huongeza maji ya bomba au ya ndoo kwenye wino mweusi, na hapo ndipo mdudu anapoingia. Antibiotiki za kawaida za siku 5 hazimgusi. Hutibiwa kwa miezi. Amwambie daktari tarehe aliyochorwa na maji yaliyotumika yalitoka wapi, akatwe kipande kidogo cha ngozi kipelekwe maabara, la sivyo atatibiwa majipu mpaka mwaka uishe.